Dawa ya ngamia si dawa ya mwenye ngamia

Mfugaji mmoja wa Garissa anayesumbuliwa na kiuno aliniuliza: "Daktari, sindano iliyomtuliza ngamia wangu alipoumwa na dume mwenzake, si nusu yake yanitosha mimi?" Hapana. Sababu zake ndizo somo letu wiki hii.

Dawa yenyewe ni zailazini. Madaktari wa mifugo huitumia kumlaza ngamia na kumpunguzia maumivu kabla ya kushona jeraha, mara nyingi pamoja na ganzi ya lignokeni kando ya kidonda.

Hufanyaje kazi? Mnyama akijeruhiwa, neva hupeleka habari ya maumivu hadi uti wa mgongo, kisha ubongoni. Neva moja huipasha nyingine habari kwa kumwaga kemikali, nayo ya pili huzipokea kwa vipokezi. Kipokezi ni kama kufuli, na dawa ni ufunguo. Zailazini hushika vipokezi viitwavyo alfa-2, na neva hupunguza kumwaga kemikali zake. Habari hufika hafifu, usingizi huingia, misuli hulegea. Mofini nayo hutuliza maumivu, lakini kwa kufuli nyingine, ile ya opioidi.

Taabu ni kwamba vipokezi vya alfa-2 vimo pia katika mishipa ya damu na katika sehemu za ubongo zinazoongoza moyo. Zailazini ilipogunduliwa Ujerumani mwaka 1962, ilitarajiwa itibu shinikizo la damu la binadamu. Iliachwa kwa kuwa ilishusha shinikizo kupita kiasi na kuleta usingizi mzito. Tena kipimo hakifuati ukubwa wa mwili: ng'ombe hulala kwa takriban sehemu moja ya kumi ya kipimo cha farasi. Wewe basi utajipimia vipi?

Mtu akidungwa kwa bahati mbaya akishika mnyama, fanya hivi:

1. Mlaze kwa ubavu, uangalie anavyopumua.
2. Usimpe chakula wala kinywaji.
3. Mkimbize hospitali pamoja na chupa ya dawa. Nalokisoni, dawa inayoitengua mofini, haiifungui kufuli hii.

Na kabla ya kunywa maziwa au kula nyama ya mnyama aliyetibiwa, muulize daktari wa mifugo usubiri siku ngapi.

Yule mfugaji nilimpima kiuno, nikampa dawa inayomfaa. Sindano ilibaki ya ngamia.