Utando Mweusi wa Kisu cha Feleji: Maswali na Majibu

Kisu cha feleji ya kaboni hunoleka upesi na hukata kwa ukali usiochoka haraka, lakini kina tabia moja ambayo aghalabu humtia hofu mtu aliyekinunua karibuni, nayo ni kwamba hakikai cheupe. Baada ya kukata vitu vichache vyenye uchachu, bapa lake hufifia, likapata mabaka ya kijivu, ya buluu na meusi. Na wengi, kwa kudhani kwamba hiyo ni kutu, hulisugua kwa msasa mpaka ling'ae, wakaiondoa kwa mikono yao wenyewe kinga ambayo kisu kilikuwa kikijijengea.

Je, weusi huu una tofauti gani na kutu, ilhali vyote viwili vimezaliwa na chuma kile kile?

Kutu nyekundu huzaliwa pale chuma kinapoachiwa maji na hewa bila ya uangalizi. Chembe zake huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, kwa hiyo haziwezi kukaa zimetulia juu ya bapa, bali hufura na kubabuka, na chini ya magamba yake unyevu hupata maficho, ukaendelea kula. Utando mweusi, ambao mafundi wa visu huuita patina, ni mwembamba na umeshikamana na chuma chenyewe. Umefanyizwa na oksidi nyeusi pamoja na misombo mingine ya chuma iliyoletwa na asidi za vyakula, na ukishatanda hupunguza kasi ya unyevu kukifikia chuma kilicho chini yake. Nasema hupunguza, sisemi huzuia. Kisu chenye patina kikilazwa katika beseni la maji usiku kucha, asubuhi kitakutwa na kutu juu ya patina yake. Ukitaka kupambanua, lipanguse bapa kavu kwa kitambaa cheupe: kutu huacha unga wa rangi ya chungwa, na patina iliyokomaa haiachi kitu.

Nitajuaje kama kisu changu ni cha aina hiyo? Jirani yangu amenishauri nitumie sumaku.

Sumaku haiwezi kuhukumu, maana visu vingi visivyoshika kutu navyo hunaswa nayo. Kinachotofautisha ni kromiamu. Feleji isiyoshika kutu, ya jinsi ile ambayo Harry Brearley aliifanya mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913, huwa na kromiamu isiyopungua takribani 10.5 katika mia, na madini hayo huivika ngozi isiyoonekana kwa macho, ambayo siki ya jikoni haiwezi kuipenya. Feleji ya kaboni haina kromiamu ya kutosha kwa kazi hiyo. Kwa hiyo dondoshea tone la ndimu karibu na mpini, ungoje kama dakika 15, kisha ufute: likiacha doa la kijivu, kisu chako ndicho tunachokizungumzia. Visu vya Opinel, vinavyotengenezwa Savoie nchini Ufaransa tangu mwaka 1890, huuzwa kwa jinsi zote mbili, na bapa lenyewe hueleza kwa maandishi kama ni la kaboni au la. Visu ambavyo wahunzi wetu huvifua kutokana na springi za magari navyo, kwa kawaida, hupokea patina vizuri.

Nieleze namna ya kuufanya utando huo nyumbani, hatua kwa hatua.

Kazi nzima husimama juu ya usafi wa bapa, na hapa ndipo watu wengi wanapokwenda mbio. Viwandani visu hupakwa mafuta ili visiharibike safarini, na hata alama ya kidole ina mafuta. Palipo na mafuta asidi haifiki, na pasipofika asidi patabaki baka jeupe la kuudhi. Osha bapa kwa sabuni na maji ya moto, likaushe, kisha ulipanguse kwa spiriti, na tangu hapo usiliguse tena kwa mkono mtupu.

Pasha siki ya kawaida moto, isichemke. Joto huharakisha kazi. Imimine katika chombo kirefu cha kioo kinachostahimili joto, utumbukize bapa lote bila ya kuulowesha mpini, hasa ukiwa wa mti, kwa kuwa mti unaokunywa siki huvimba na kupasuka. Utaona vipovu vidogo vikipanda. Usikiache kisu kimesimama vile vile muda wote, bali kiinue na kukishusha mara kwa mara, kwani pale uso wa siki unapokutana na hewa chuma huliwa zaidi, na mstari utakaochimbika hapo haufutiki ila kwa msasa. Baada ya dakika 10 kitoe, ukioshe, ukipanguse. Ukiona vumbi la rangi ya chungwa limejitokeza usifadhaike. Lifute kwa kitambaa laini, kisha urudie. Duru tatu au nne fupi hutoa utando ulio sawasawa na wenye kushika, ilhali kukilaza kisu katika siki mpaka asubuhi hutoa weusi wa haraka pamoja na vishimo, na makali yaliyoliwa.

Rangi ikikuridhisha, lioshe bapa kwa maji yaliyoyeyushwa magadi kidogo, yale yanayotiwa katika maharagwe, ili kuimaliza asidi iliyosalia. Kisha suuza, kausha barabara, na upake mafuta ya nazi. Mwisho unoe, kwa sababu siki hutuliza makali hata ukiwa mwangalifu.

Je, vitu vingine vya jikoni vinafaa?

Vinafaa, na kila kimoja kina rangi yake. Haradali ya chupa, ambayo ndani yake mna siki, hupakwa kwa vidoa na kuachwa ikauke, ikaacha michoro kama mawingu. Chai kavu iliyokolezwa sana ina tanini, na tanini ikikutana na chuma huzaa weusi wenye ubuluu, ule ule uliokuwamo katika wino ambao makatibu wa zamani waliupika kwa chumvi ya chuma. Ndiyo sababu ndizi mbichi humsawidi mpishi vidole na kisu kwa pamoja.

Lakini ukiniuliza nipendacho mimi, nitakwambia kwamba patina iliyo bora ni ile inayokuja yenyewe, kwa kukata maembe mabichi, vitunguu na nyama, na kukipangusa kisu kila baada ya kazi. Hukawia majuma kadhaa, na rangi zake haziwi sawa; walakini hushikamana kuliko zote, na ladha ya chuma ambayo kisu kipya huiachia matunda huondoka kadiri utando unavyokomaa.

Na asidi ya betri, au dawa ya kutia weusi bunduki?

Hasha. Ya kwanza inaunguza mkono na macho, na ya pili aghalabu ina seleniamu, ambayo ni sumu. Kisu kinachokata chakula hakistahili kuguswa na yoyote katika hizo.

Naishi pwani, na kila nikifanya patina kutu hurudi. Nina kosa gani?

Huenda adui wako ni chumvi iliyomo katika upepo wa bahari, kwani chumvi hupenya utando na kuchimba vishimo chini yake. Usipake mchanganyiko wa ndimu na chumvi, hata kama umeambiwa kwamba unafanya haraka, na usitumie dawa ya klorini kukiosha kisu. Usikihifadhi katika ala ya ngozi, kwa maana ngozi hunyonya unyevu na kuukumbatia. Kizungushie kitambaa kikavu kilichopakwa mafuta ya nazi, ukiweke mahali penye hewa, na hata usipokitumia ukifungue ukitazame kila juma.

Nikinoa, je, sitaupoteza utando wote?

Utaupoteza ukingoni tu, pale jiwe linapopita, na mstari huo mweupe wa makali hautengenezwi kwa siki tena: uache upate rangi yake kwa kazi ya jikoni, na kila siku ukaushe wa kwanza.