Somo kwa Vyama vya Msingi: Kuhesabu Samaki Wala Magugu

Gunia la kahawa likipungua ghalani, karani hulijua siku ya kupima. Samaki wakipungua bwawani hakuna ajuaye, maana maji huwaficha. Chama kilichonunua samaki wala majani ili wapunguze magugu katika bwawa lake hakina budi kuwaandika katika daftari la mali, na kuwahesabu kila baada ya miezi mitatu.

Kwanza ijulikane ni gugu gani linalokusudiwa. Gugu maji lenye maua ya zambarau, lililoenea katika Ziwa Victoria miaka ya 1990 na ambalo Mto Kagera huliteremsha hadi leo, halikupunguzwa na samaki. Kazi kubwa ilifanywa na fukusi wenye asili ya Amerika ya Kusini. Samaki wala majani hupendelea mimea laini iotayo chini ya maji. Kamati inayonunua vifaranga ili wale gugu maji inatupa fedha za wanachama.

Pia ikumbukwe habari ya ziwa lenyewe. Katika miaka ya 1950 perege mgeni aitwaye zilii, mla majani, alipandikizwa humo. Alizaana, akagombania makulio ya vifaranga na mbiru, perege wa asili, ambaye baadaye alipungua mno (ingawa uvuvi wa kupita kiasi na sangara navyo vilichangia). Hakuna awezaye kumwondoa zilii sasa. Kwa hiyo chama chenye bwawa Nshambya, ambako maji ya mabonde huishia ziwani, humwona Afisa Uvuvi kabla ya kununua kifaranga hata kimoja, na huweka wavu wa matundu madogo penye mlango wa maji.

Sasa hesabu yenyewe. Wavuliwe samaki wakubwa 40, wakatwe ncha ndogo ya pezi, warudishwe majini. Baada ya wiki moja wavuliwe tena. Ikiwa katika samaki 50 watakaopatikana 10 wana alama, basi mwenye alama ni mmoja katika kila watano, na bwawani mna samaki wakubwa wapatao 200. Iwapo daftari laonyesha kuwa walipandikizwa 300, kamati ieleze mia moja wamekwenda wapi: wamekufa, wameliwa na mnandi au fisi maji, wametoroka, au wamevuliwa usiku. Watoto waliozaliwa bwawani wasihesabiwe pamoja nao, maana huficha upungufu.

Magugu nayo yapimwe. Kona moja ya bwawa, mita mbili kwa mbili, izungushiwe wavu ili samaki wasiingie. Majani ya ndani, na ya eneo la nje lenye ukubwa uleule, yavutwe kwa reki na kupimwa kwa mizani siku moja. Yakipungua sawasawa pande zote mbili, samaki hawakufanya kitu. Ni kiangazi au matope. Vyama vingi huruka hatua hii, kisha huwasifu samaki mbele ya mkutano mkuu bila ushahidi.

Majani yakiisha kabisa, mbolea ya samaki hukuza ukungu wa kijani majini, na alfajiri samaki huonekana wakihema juu ya maji. Hapo wakubwa kiasi huvuliwa na kuuzwa, na mweka hazina huandika mauzo katika ukurasa uleule wa daftari.