Diski Mbili Si Nakala Mbili

*Mimi ni kijana wa Likoni, nasomea cheti cha ufundi wa kompyuta cha CompTIA A+ huku nikifanya mazoezi ya kazi katika zahanati moja Changamwe. Mwalimu alitufundisha kwamba ukiwa na RAID 1 huhitaji bakapu. Nilipomweleza mkuu wa zahanati alifurahi, akaniambia niache kunakili rekodi za wagonjwa kwenye diski ya nje kila Ijumaa. Sasa nimesoma kwingine kwamba mwalimu amekosea. Sipati usingizi. Nikinyamaza, nawaogopea wagonjwa. Nikisema, nitaonekana namvunjia mwalimu heshima. Nifanyeje?*
*Mwanafunzi, Likoni*

Mwanangu, ulichokisoma ni kweli, na wasiwasi wako una msingi.

RAID ni mbinu ya kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi pamoja. RAID 1 huandika kitu kile kile kwenye diski mbili kwa wakati mmoja. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi, wagonjwa wanahudumiwa. Faida hiyo ni kubwa. Lakini kwa kuwa inaandika papo hapo, inaandika na makosa pia. Karani akifuta faili, imefutika kotekote. Virusi vya kudai fidia vikifunga rekodi, zimefungwa kwenye diski zote mbili. Mwizi akibeba kompyuta, amebeba zote. Bakapu ni nakala ya jana au ya wiki iliyopita, iliyowekwa mbali na mashine, ambayo unaweza kuirudia.

Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika kuhusu RAID mwaka 1988, walitaka diski nyingi za bei nafuu zifanye kazi ya diski moja kubwa ya bei ghali, na mfumo usianguke diski moja inapokufa. Swali lao lilihusu diski kuharibika. Mkono wa binadamu unaofuta faili ni tatizo jingine.

Kwa kuwa unajiandaa kwa mtihani, angalia na makosa mengine yanayowanasa wanafunzi. RAID 0 haina kinga yoyote ingawa inaitwa RAID: diski moja ikifa, data yote imekwenda. RAID 5 huanzia diski tatu na huvumilia kifo cha moja tu. Tatu za terabaiti 2 zinakupa nafasi ya terabaiti 4. Ile iliyokufa ikishabadilishwa, hadi mpya imalize kujengwa huna kinga, na nyingine ikifa wakati huo umepoteza vyote. RAID 6 huanzia diski nne na huvumilia kifo cha zozote mbili. RAID 10 yenye diski nne huvumilia vifo viwili iwapo tu zilizokufa ni za jozi tofauti. Wengi hujibu "zozote mbili", na alama inapotea.

Sasa watu. Anza na mkuu wa zahanati, kesho asubuhi, maana neno lilimfikia kupitia kwako. Mweleze kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu aweze kuzirejesha upesi baada ya hitilafu, na kwamba taarifa za afya ni nyeti. Pendekeza diski mbili za nje zipokezane: moja ikae zahanati, nyingine mahali pengine. Zote zifungwe kwa nywila, na zichomolewe kazi ikiisha. Usivuke nazo feri ya Likoni kwenda nyumbani. Ziwe mikononi mwa aliyekabidhiwa rasmi. Kila mwezi rejesha faili chache uone kama zinafunguka, kwa maana bakapu isiyojaribiwa haitegemewi.

Kwa mwalimu, usimsahihishe mbele ya darasa. Tengeneza kompyuta pepe yenye diski mbili, ziunganishe kwa RAID 1, weka faili, kisha uifute. Mwendee baada ya kipindi: "Mwalimu, nimejaribu hili nikapata matokeo haya, naomba tuyaangalie pamoja." Akiona faili haiko kwenye diski yoyote, jaribio litakuwa limesema kwa niaba yako, naye atabaki na nafasi ya kulirekebisha somo mwenyewe.

Akikataa hata hivyo, umetimiza wajibu wako kwake. Wajibu kwa wagonjwa unaendelea: Ijumaa hii, kwa idhini ya mkuu, nakili rekodi kama ulivyokuwa ukifanya.