Intaneti ya Setilaiti: Uliza Kimo Kabla ya Kununua Dishi

Mtumiaji anayeishi mbali na minara ya simu huambiwa kwamba setilaiti itamaliza shida yake. Kwanza na aulize setilaiti hiyo iko umbali gani.

Zile za mtindo wa zamani huzunguka takriban kilomita 36,000 juu ya Ikweta. Chache hutosha kuhudumia karibu dunia nzima. Hata hivyo, ombi lako na jibu lake hukata umbali huo mara nne, na hata kwa kasi ya mwanga safari hiyo huchukua karibu nusu sekunde. Barua pepe haiathiriki. Katika mazungumzo ya video, watu hudakiana maneno.

Mei 2019, kampuni ya SpaceX ilirusha setilaiti 60 za Starlink kwa roketi moja, zifanye kazi katika kimo cha kilomita 550 hivi. Huduma yake ilifika Kenya Julai 2023. Kuchelewa hupungua sana, lakini kila setilaiti hupita upesi, hivyo huhitajika maelfu.

Dishi lake hutaka anga pana iliyo wazi. “Popote ulipo” ni lugha ya matangazo: mwembe mmoja uani waweza kukatiza mawasiliano. Isitoshe, dishi la kampuni moja kwa kawaida halitumiki kwa nyingine. Huduma ikisitishwa, utabaki na chombo kisicho na kazi. Kabla ya kulipa, dai kwa maandishi uthibitisho wa leseni na masharti ya kurudishiwa fedha.