Wikendi ya Peke Yako Mombasa, Bila Msongamano wa Sikukuu: Panga Pesa Kabla ya Kupanga Nguo

Pasaka moja, miaka kadhaa iliyopita, niliamua kwenda Mombasa peke yangu. Sikupanga kitu. Alhamisi jioni nilifika steji na begi mgongoni, nikakuta nauli imepanda karibu maradufu na abiria wamejaa hadi barabarani. Nikalipa tu. Njiani nikatafuta chumba kwenye simu, nikaona picha nzuri, nikatuma shilingi 3,000 kwa nambari ya mtu ili anishikie nafasi. Asubuhi nilipofika, nambari ilikuwa imezimwa, na mtaani hakuna aliyewahi kusikia hiyo nyumba. Nilibaki na shilingi 640 na chaji asilimia 9, na sikuwa na mwenzangu wa kumwambia, "Hebu nilipie kwanza, nitakurudishia."

Hapo ndipo ugumu wa safari ya peke yako ulipo. Mkiwa wanne, simu moja ikizima kuna nyingine tatu. Ukiwa peke yako, simu hiyo moja ndiyo mkoba, tiketi, ramani na msaada wako. Kwa hivyo panga safari kana kwamba simu itapotea. Ikirudi nyumbani salama, ni heri.

Nilirudi Mombasa Januari iliyofuata, peke yangu tena, na mambo yakaenda sawa. Haya ndiyo niliyofanya tofauti.

Somo la 1: Chagua tarehe ambazo wengine hawazitaki

Chukua kalenda na kalamu. Weka alama kwenye Pasaka, Idd, Mei 1, Juni 1, Oktoba 10, Oktoba 20, Desemba 12 na Krismasi. Kumbuka pia kwamba sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake huwa mapumziko, na hapo ndipo Wakenya wengi huamua kuteremka Pwani kwa pamoja. Ongeza likizo za shule za Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Wikendi zinazobaki ndizo zako.

Si zote zilizo nzuri. Aprili na Mei Pwani huwa na mvua nyingi za masika. Lakini nusu ya pili ya Januari na Februari jua linawaka, watoto wamerudi shule, na wengi bado wanauguza mifuko baada ya Krismasi. Watu wanapolia Njaanuary, wewe unaweza kuwa unakula mahamri na mbaazi Mji wa Kale.

Sharti ni moja tu: pesa za Januari zisitafutwe Januari. Anza wiki ya kwanza ya Novemba. Weka shilingi 1,000 kila wiki kwenye akiba ya simu, ile iliyojitenga na salio la kila siku. Baada ya wiki 12 una shilingi 12,000.

Somo la 2: Lipia usafiri kwanza

Nauli ndiyo gharama unayoweza kuijua mapema kabisa, kwa hivyo imalize kabla ya nyingine. Treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipandishwa nauli Januari 2024: daraja la kawaida likatoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Kinyume na mabasi mengi, nauli hiyo haipandi kwa sababu ni Desemba. Kinachotokea Desemba ni viti kuisha.

Piga *639# au ingia kwenye tovuti ya Shirika la Reli, ulipe kwa simu. Nunua ya kwenda na ya kurudi siku hiyo hiyo. Kosa linalokwamisha wengi ni kukata ya kwenda tu, halafu Jumapili hakuna kiti. Andika jina na nambari ya kitambulisho kama zilivyo kwenye kadi yako.

Angalia pia saa ya kufika. Treni inayoondoka usiku hufika Mombasa kabla ya kupambazuka, na stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa. Kwa kundi hilo si tatizo. Kwa mtu mmoja mwenye begi na simu mkononi gizani, ni afadhali treni ya asubuhi.

Somo la 3: Gawa pesa kabla ya kuondoka

Tuchukue mfano wa zile shilingi 12,000:

- Treni kwenda na kurudi: 3,000
- Chumba, usiku mbili kwa 2,000: 4,000
- Chakula: 2,000
- Matatu, tuktuk na boda: 1,500
- Dharura: 1,500

Msafiri wa peke yake hana wa kugawana naye bei ya chumba wala ya tuktuk. Usichukue bajeti ya marafiki wanne ukaigawanya kwa nne; itakuangusha. Badala yake, punguza kwenye vitu ambavyo havilipiwi. Kivuko cha Likoni ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Kupunga upepo Mama Ngina ni bure. Kuzunguka Mji wa Kale hakuna kiingilio. Ukitaka kuingia Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, angalia ada kwenye eCitizen kabla ya kwenda na ulipie huko huko.

Hiyo 1,500 ya dharura usiiguse. Samaki wa kupaka si dharura, hata akinukia namna gani.

Somo la 4: Chumba kisilipiwe kwa mapenzi ya picha

Hili ndilo lililonigharimu 3,000. Kabla ya kutuma chochote:

1. Piga simu, uongee na mtu. Muulize yuko karibu na msikiti gani, shule gani, steji gani. Mwenyeji anajua, tapeli anababaika.
2. Omba nambari ya Till au Paybill ya biashara. Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea. Kama chumba ni cha "beach cottage" na jina ni la mtu binafsi usiyemjua, simama hapo.
3. Omba kulipa ukifika. Nje ya msimu vyumba vipo, na wewe ndiye unayetafutwa. Wengi watakubali, na wengine watapunguza bei ukiomba kwa adabu.
4. Anayekuharakisha kwa maneno kama "kuna mwingine analipa sasa hivi" mwache huyo mwingine alipe.

Somo la 5: Simu moja, mifuko mitatu

Mfuko wa kwanza ni salio la simu: weka pesa za siku hiyo tu, nyingine zikae kwenye akiba. Wa pili ni pesa taslimu, kama 1,000 kwa noti ndogo, ndani ya begi na si pamoja na simu. Toa mara moja kwa wakala kabla ya safari, kwa sababu kila unapotoa unakatwa ada. Wa tatu ni kitambulisho. Kisikae kwenye kava ya simu! Simu ikiibwa, bila kitambulisho huwezi kurudishiwa laini yako, na bila laini huna pesa.

Halafu kuna swali ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshavua viatu: ukiingia baharini, simu unamwachia nani? Jibu ni hakuna mtu. Siku ya kuogelea, iache chumbani ikiwa imefungwa, ubebe shilingi 300 za maji na madafu. Bahari haihitaji intaneti.

Kabla hujatoka nyumbani, weka nambari ya siri kwenye laini yenyewe, si kwenye simu tu. Andika kwenye karatasi nambari za watu wawili na ya huduma kwa wateja. Mwachie dada au kaka yako tarehe, treni na jina la unakolala. Kusafiri peke yako si kusafiri kwa siri.

Somo la 6: "Nimekutumia kimakosa"

Ukiwa ugenini unaweza kupata ujumbe kwamba umepokea 2,500, kisha simu: "Boss, tafadhali nirudishie, ni za mgonjwa." Usijibu kwa huruma. Angalia salio kwanza. Kama halijaongezeka, ujumbe huo ni bandia. Kama kweli limeongezeka, mwambie aombe kurudishiwa kupitia huduma kwa wateja. Wewe usitume kitu, na nambari yako ya siri usimpe yeyote, hata anayedai anafanya kazi kwetu.

Zoezi la wiki hii

Fanya mambo mawili leo. Chagua wikendi moja isiyo na sikukuu na uiandike. Kisha weka shilingi 1,000 ya kwanza kwenye akiba, au 200 kama ndiyo uliyo nayo. Haba na haba hujaza kibaba.

Januari ile nilirudi Nairobi Jumapili usiku na shilingi 1,150 za dharura. Zile 350 zilinunua dawa ya tumbo. Nilikuwa nimezidisha viazi karai.