Mashapo ya Ziwa na Kumbukumbu ya Njaa: Tabianchi ya Kale Pande Mbili za Nyandarua

Mvua inyeshayo juu ya milima ya Nyandarua hugawanyika njia mbili. Upande wa mashariki, uliko mji wa Kangema, maji hushuka kwa Mto Mathioya hadi Tana na kuishia Bahari Hindi. Upande wa magharibi huteremka kwa Mto Malewa na kuingia Ziwa Naivasha, ambalo halina mto utokao. Mvua ikizidi, ziwa hujaa; ikipungua, jua hulifyonza. Ziwa la namna hii ni daftari la mvua. Makala haya yanauliza: daftari hilo husomwaje, nalo linahusiana vipi na masimulizi ambayo sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hukusanya vijijini?

Kinachosomwa ni mashapo, yaani tope lililotuama tabaka juu ya tabaka. Ndani yake mna magamba ya diatomu (mwani mdogo usioonekana kwa macho) na mabaki ya mabuu ya usubi. Baadhi ya aina hustawi katika maji matamu, nyingine katika maji ya chumvi. Na kwa kuwa ziwa likipungua chumvi huzidi, aina zilizomo katika tabaka hufichua kina cha wakati huo. Umri wa tabaka nao hupimwa kwa kaboni ya mionzi. Kipimo hicho ndicho kilichoiangusha nadharia, iliyoshikiliwa na Louis Leakey na wengineo, kwamba enzi za barafu za Ulaya zilikuwa enzi za mvua nyingi kwetu. Mwaka 1972 Karl Butzer na wenzake walionyesha kuwa maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika miaka 10,000 hadi 8,000 hivi iliyopita, barafu ya Ulaya ikiwa imekwisha kurudi nyuma.

Kwa upande wa milenia iliyopita, uchunguzi mashuhuri ni ule wa Dirk Verschuren na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000. Naivasha ilikuwa chini sana kati ya mwaka 1000 na 1270 hivi. Kisha ukaja wakati wa mvua nyingi, uliokatizwa na vipindi vitatu vya ukame: 1380–1420, 1560–1620 na 1760–1840. Vipindi hivi vilikuwa vikali kuliko ukame wowote wa karne ya 20. Watafiti hao waliona kuwa vinaoana na masimulizi ya njaa na uhamaji.

Hapa yafaa tusiharakishe. Masimulizi mengi yaliyolinganishwa ni ya nchi za Maziwa Makuu, na tarehe zake zilikadiriwa kwa kuhesabu vizazi. Kuyahamishia Kangema bila uchunguzi ni kujenga juu ya mchanga. Isitoshe, njaa si ukame tu. Njaa kuu ya 1898–1900 Wagikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya. Mvua ilikosekana, ni kweli. Lakini palikuwa pia na ndui, na chakula kingi kilikuwa kimeuzwa kwa misafara. Jina hilo lina hoja ambayo diatomu haziwezi kuitoa.

Mkono wa binadamu waonekana ziwani pia. Kilimo cha maua kilipoenea Naivasha katika miaka ya 1980, wataalamu walikokotoa kina ambacho ziwa lingekuwa nacho kwa mvua na mito peke yake, wakakilinganisha na kilichopimwa. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 ziwa lilikuwa limepungukiwa mita 3 hivi. Hata hivyo, mwaka 2020 maji yalipanda hadi kuwafukuza wakazi wa mtaa wa Kihoto. Mvua ilikuwa imeushinda unyunyizaji.

Na upande wa Kangema? Mito yake haina ziwa la kuiwekea kumbukumbu, ila udongo wa miteremko yake, pamoja na ule wa miteremko mingine ya Tana ya juu, umekuwa ukituama katika bwawa la Masinga tangu mwaka 1981.