ZEGE LA GARI AU ZEGE LA CHEPE? JIULIZE KWANZA: KAZI HII INAKATIKA?

Somo la leo ni kwa wewe uliyebana faida ya duka, saluni au genge mpaka ukapata kiwanja, na sasa unataka kupandisha fremu za kupangisha au nyumba ya familia.

Ukifika kwenye zege, swali ni lile lile: ninunue la kiwandani linaloletwa na gari, au vijana wachanganye kwa chepe pale pale saiti?

Wengi wanajibu kwa bei tu. Wanauliza kyubiki moja (mita moja ya ujazo) ya kiwandani ni shilingi ngapi, wanashtuka, wanarudi kwenye chepe. Ndugu yangu, hesabu haianzii hapo. Inaanza na swali hili: kazi hii inakatika au haikatiki?

Kazi inayokatika ni ile unayoweza kumaliza kipande leo na kingine wiki ijayo bila jengo kudhurika. Mfano ni jamvi la chumba kimoja kimoja.

Kazi isiyokatika ni kama slabu ya juu na mihimili yake. Zege la jana likishakauka, la leo halishikani nalo vizuri. Pale yanapokutana panabaki udhaifu. Maji yanapenya, nondo zinapata kutu, na mzigo ukija, hapo ndipo panapofunguka. Kama ni lazima kukata, mhandisi ndiye anayepanga mahali pa kukatia. Si uchovu wa vibarua unaopanga.

TUPIGE HESABU

Chukua slabu ya fremu tatu: urefu mita 10, upana mita 8, unene sentimita 15.

10 x 8 x 0.15 = kyubiki 12.

Kwa mchanganyo wa 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne), kyubiki moja inakula takriban mifuko 6.3 ya kilo 50. Kwa hiyo kyubiki 12 ni mifuko 76, mchanga kama kyubiki 5.3 na kokoto kama kyubiki 10.6. Ukichanganya kwa mkono, ni desturi kuongeza simenti asilimia 10 kwa sababu chepe halichanganyi sawasawa kama mashine. Sasa uko kwenye mifuko 84. Hiyo nane ya ziada wengi hawaiandiki kwenye daftari.

Njoo kwenye muda. Tuseme kila mzunguko ni mfuko mmoja, na kundi moja la vijana linatumia dakika 10. Hata bila ile mifuko ya ziada, mizunguko 76 ni dakika 760. Hiyo ni karibu saa 13 bila kula wala kupumzika! Ikifika jioni vijana wamechoka, na aliyechoka huongeza maji ili zege liwe laini kusukuma. Hapo ndipo nguvu ya slabu yako inapopotelea.

Sasa linganisha na lenta ya mita 30, upana sentimita 15, kimo sentimita 20. Hiyo ni kyubiki 0.9, sawa na mifuko sita hivi. Kwa kasi ile ile ni kama saa moja. Kuita gari la zege kwa kazi hiyo ni kutupa hela.

Umeona? Chepe si baya. Limepewa tu kazi isiyo yake.

KUNA NJIA YA KATI

Kodi mashine ya kuchanganyia zege. Ikitoa mzunguko wa mfuko mmoja kila dakika 5, mizunguko 76 inaisha kwa saa 6 na dakika 20. Ukianza asubuhi, mchana umemaliza. Kwa slabu nyingi za ukubwa huu, hasa kule ambako gari haliingii, hili ndilo jibu. Hakikisha tu mafuta yapo, na vaibreta ya kushindilia ipo na imejaribiwa siku moja kabla.

UKICHAGUA ZEGE LA GARI

1. Kagua njia. Kyubiki moja ya zege ina uzito wa tani 2.4 hivi. Gari lenye kyubiki 6 limebeba zaidi ya tani 14 za zege peke yake, bado uzito wa gari. Milima ya Goba wakati wa masika si mahali pa kubahatisha. Kama gari litasimama mbali, uliza bei ya pampu kabla hujalipa chochote.

2. Hesabu foleni. Kanuni ya kawaida ni zege limwagwe ndani ya dakika 90 hadi 120 tangu simenti ikutane na maji. Panga lifike asubuhi, mbao na nondo zikiwa zimeshakaguliwa. Gari likifika ndipo fundi anagongelea milunda, umeumia.

3. Soma karatasi ya mzigo. Angalia daraja la zege (mfano C25 kama ndilo lililo kwenye mchoro), kiasi, na muda lilipopakiwa. Usikubali mtu aongeze maji saiti kienyeji. Unalipia C25 halafu unaligeuza uji mwenyewe.

4. Pima mwenyewe. Urefu x upana x unene, kisha ongeza asilimia 5 ya upotevu. Kwa mfano wetu ni kyubiki 12.6. Ukiagiza pungufu, unabaki na pengo katikati ya slabu na gari limeshaondoka.

UKICHAGUA CHEPE

1. Pima kwa ndoo, usipime kwa macho. Mfuko mmoja wa simenti una ujazo wa kama lita 35. Kwa 1:2:4, mfuko mmoja unaenda na ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20. "Chepe kumi na tano" si kipimo. Chepe la mtu mwenye njaa na la aliyeshiba hayalingani.

2. Maji ni lita 25 hadi 30 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umelowa, punguza.

3. Changanyia kwenye sakafu ngumu au bati, usichanganyie kwenye udongo. Simenti na mchanga vigeuzwe vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo kokoto, ndipo maji kidogo kidogo.

4. Mchanga wa baharini usiuguse. Chumvi inakula nondo.

Njia yoyote utakayochagua, zege limwagiliwe maji siku 7 au zaidi. Milunda ya slabu isitolewe kwa sababu fundi anaitaka saiti nyingine. Kawaida ni wiki tatu hadi nne, na mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho.

UPANDE WA MTAJI

Utamu wa chepe ni kwamba unanunua mifuko kidogo kidogo kadiri duka linavyouza. Kwa jamvi na lenta ni sawa kabisa. Kwa slabu ni mtego. Simenti iliyokaa stoo miezi mitatu huwa imeanza kupoteza nguvu. Na slabu iliyoanza bila hela yote mkononi ikikwama katikati haiingizi kodi, na huwezi kuirudisha dukani kama mzigo uliododa.

Kwa hiyo usichomoe hela ya kuzungushia bidhaa ili uharakishe slabu. Maliza kuta, funga lenta, kisha kusanya fungu la slabu pembeni. Likitimia lote, yaani zege, nondo, mbao, mashine, vibarua na chakula chao, ndipo upange siku.

Wapo wanaosema, "Ni fremu tu, si ghorofa." Ndani ya hiyo fremu atakaa mama anayeuza vitenge na wateja wake. Jengo lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024, waliokuwa ndani walikuwa wafanyabiashara kama sisi.

KAZI YA LEO

Chukua daftari, andika kila kazi ya zege iliyobaki kwenye ujenzi wako. Mbele yake andika kyubiki ngapi, mizunguko mingapi, na neno moja: INAKATIKA au HAIKATIKI. Inayokatika na ndogo, chepe linatosha. Isiyokatika lakini njia ni mbovu, kodi mashine. Isiyokatika, kubwa, na njia nzuri, omba bei ya gari kwenye viwanda viwili au vitatu, uilinganishe na gharama YOTE ya saiti, siyo bei ya mifuko peke yake.

Wewe uko hatua gani ya ujenzi? Weka vipimo vya slabu yako hapo chini tupige hesabu pamoja. Na kama kuna mwenzako anamwaga zege wiki hii, mtumie somo hili kabla hajaita vibarua.